UZI: Kuomba masta ukiwa mtu mzima, na kinachoangaliwa hasa kwenye faili lako

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu. Kila msimu wa udahili ukifunguliwa napata ujumbe ule ule faraghani: "Nilimaliza digrii zamani, nina familia na kazi, je, nimechelewa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona nishushe uzi. Nilirudi darasani watoto wangu wakiwa sekondari, na sasa nakaa kwenye kamati inayopitia maombi ya uzamili. Mlango huu nimeugonga na nimeufungulia wengine.

Niseme mapema: sijawahi kuona ombi likiwekwa kando kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa. Kinachowaangusha watu wazima ni faili lililolala. Transkripti ya zamani, wahadhiri waliokufahamu wamestaafu, barua ya maelezo inasimulia maisha yote lakini haisemi unataka kujifunza nini. Anayesoma anamwona mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi, wakati anamtafuta atakayekuwa mwanafunzi mwezi wa tisa. Shughuli yote ya kuomba ni kuliamsha hilo faili.

Kabla ya fomu, piga hesabu ya saa. Watu hupiga hesabu ya ada peke yake, kisha muhula wa kwanza unawamaliza. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, masta huwa na krediti 60 hadi 120, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi: mihadhara, kusoma, kuandika, mitihani, vyote ndani. Krediti 60 ni saa 1,500 hadi 1,800. Uingereza wanahesabu krediti 180 za saa 10 kila moja, unaangukia 1,800 vilevile. Ukiisoma hiyo kwa miaka miwili huku uko kazini, ni saa 750 hadi 900 kwa mwaka. Gawa kwa wiki 45: saa 17 hadi 20 kila wiki, na hapo hujaumwa wala hujafiwa.

Chukua ratiba yako ya wiki iliyopita, usichukue ile unayoitamani, uzitafute hizo saa 17. Kama hazimo, amua zitatoka wapi: usingizi, ibada, mpira, biashara ya pembeni. Jibu la swali hilo mwenzi wako alijue kabla chuo hakijajua kama upo.

Aina ya masta nayo inabadilisha kila kitu. Masta ya kozi ina madarasa, mitihani na tasnifu mwishoni. Masta ya utafiti inakutaka uje na andiko la utafiti na mara nyingi uwe umeshampata msimamizi. Kwa mtu aliyekaa nje ya darasa muda mrefu nashauri ya kozi, isipokuwa kazi yako yenyewe ni utafiti. Hilo sitalijadili sana.

Nakuja kwenye nyaraka.

Mleta mada

Transkripti iombe leo, hata kama maombi ni mwakani. Faili la mtu aliyehitimu zamani linaweza kuwa la karatasi, ghalani, na ofisi inayolitunza imehamishwa mara kadhaa. Kuna chuo kimeunganishwa na kingine, kuna kilichobadili jina. Usikwepe kueleza: andika mstari mmoja kwenye fomu kwamba chuo fulani sasa ni fulani. Na kina mama, jina la cheti likiwa la ubini wa baba na la pasipoti likiwa la ndoa, andaeni hati ya kiapo au nakala ya cheti cha ndoa mapema. Nimeona faili zuri kabisa likikwama kwenye jina.

Alama hafifu za digrii ya kwanza si mwisho wa safari, ila zinahitaji jibu. Jibu zuri ni alama mpya. Soma kozi fupi yenye mtihani na matokeo yaliyosahihishwa na mtu, katika somo linalogusa masta unayoitaka. Cheti cha kutazama video mtandaoni mpaka mwisho hakina uzito mkubwa, kinathibitisha ulikaa. Njia nyingine ni kupanda ngazi: kwa Uingereza krediti 60 za uzamili ni cheti, 120 ni stashahada ya uzamili, 180 ni masta, na baadhi ya vyuo vinaruhusu uanzie chini uhamie juu ukifanya vizuri. Wapo pia wenye utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana kazini, ambapo unawasilisha mkoba wa kazi zako: ripoti ulizoandika, miradi uliyoisimamia, mafunzo uliyotoa. Ukiuliza "je, uzoefu wangu unahesabika?" utajibiwa kwa ujumla tu. Uliza "utaratibu wenu wa kutambua maarifa ya awali ukoje, na unahitaji nyaraka zipi?" utapewa fomu.

Majaribio ya lugha: IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu. Lile karatasi la ujana wako weka kwenye albamu. GRE na GMAT, majaribio ya kupima uwezo wa kusoma uzamili, ni miaka mitano, na programu nyingi siku hizi haziyadai. Kama digrii yako ilifundishwa kwa lugha ya chuo unachoomba, uliza kwanza kama barua ya chuo chako cha zamani inatosha kabla ya kulipia jaribio.

Mwalimu wa jioni

Mkuu, uzi mtamu. Swali langu ni la wadhamini, wale wa kukuandikia barua ya mapendekezo. Fomu inataka wawili "wa kitaaluma". Mhadhiri wangu mmoja ametangulia mbele ya haki, mwingine amestaafu na sidhani kama ananikumbuka, darasa letu lilikuwa kubwa. Bosi wangu ni mtu wa stoo, hana digrii. Nifanyeje?

Mleta mada

Mwalimu, pole kwa msiba wa zamani. Hapa ndipo watu wazima wengi hukata tamaa, nitakaa hapa kidogo.

Mdhamini anaulizwa jambo moja, hata maneno yakibadilika: je, huyu mtu anaweza kusoma kitu kigumu, akakielewa, akakiandika kwa muda uliopangwa? Mhadhiri hutakiwa kwa sababu ameliona hilo. Kama kuna mtu mwingine aliyeliona, ana haki ya kulisema. Aliyekusimamia ukaandika mtaala. Mkaguzi wa nje aliyesoma ripoti yako akairudisha na maswali, ukamjibu. Mkufunzi wa ile kozi fupi niliyoitaja juu, ndiyo sababu ya pili ya kuisoma. Bosi wa stoo ni mwaminifu pengine kuliko wote, lakini akiandika "anawahi kazini na ni mcha Mungu" hajasaidia kitu.

Yule mstaafu usimdharau. Mtafute kupitia idara, mwandikie ujikumbushe kwake: mwaka, kozi, mada ya tasnifu au kazi uliyofanya. Ambatanisha transkripti, wasifu wako wa sasa, rasimu ya barua ya maelezo, na kurasa chache za kitu ulichoandika karibuni. Sasa ana la kuandika. Mzee wa watu hakumbuki sura yako, ila anaweza kusoma kurasa zako za sasa na kusema ukweli kuhusu kurasa hizo. Barua za namna hiyo nimeziona na zina nguvu.

Ukishindwa kabisa kumpata wa pili wa chuo, iandikie ofisi ya udahili kabla ya kutuma maombi, eleza mwaka uliohitimu, uliza kama mdhamini mmoja wa kitaaluma na mmoja wa kazini wanakubalika. Mara nyingi kwa masta za kitaalamu wanakubali. Hifadhi jibu lao, ulipandishe pamoja na nyaraka kama mfumo unaruhusu.

Na tafadhali usimwandikie mdhamini barua wewe mwenyewe akatia saini tu. Barua mbili zenye mkono mmoja zinajulikana aya ya pili.

Fundi hesabu

Mleta mada unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba umri hauulizwi? Mimi nimesoma matangazo ya ufadhili, yanasema wazi mwisho miaka kadhaa. Tusidanganyane.

Mleta mada

Kaka, uko sahihi kwenye ufadhili, na mimi nilikuwa nazungumzia udahili. Ni milango miwili tofauti na watu huichanganya, wakinyimwa mmoja wanadhani wamefungiwa yote.

Ufadhili wa serikali ya China kwa ngazi ya masta unataka uwe chini ya miaka 35. Wa Uturuki, chini ya 30. Wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, kwa wanafunzi watafiti, chini ya 35. Hapo hakuna cha kubembeleza, songa mbele.

Ila geuza shilingi. Chevening ya Uingereza haina kikomo cha juu cha umri, na inadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, karibu miaka miwili. Kijana aliyetoka chuoni jana hana hizo saa, wewe unazo za kugawa. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, haina kikomo cha umri pia. Programu za Taasisi ya Uswidi nazo huhesabu saa za kazi. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwenye masta zake za masuala ya maendeleo, inataka angalau miaka miwili ya kazi, na inataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Soma vizuri: inahesabu umri wa shahada. Mtu wa miaka 48 aliyemaliza digrii miaka minne iliyopita anaingia, wa miaka 31 aliyemaliza miaka saba iliyopita anatoka. Kila msimu fungua tangazo la mwaka husika, masharti hubadilika.

Usisahau mwajiri. Watu wanakesha wakitafuta ufadhili ng'ambo, hawajawahi kuuliza ofisi ya rasilimali watu kama kuna fungu la masomo. Ukipewa, soma mkataba: wengi watakutaka urudi utumikie muda fulani, au urudishe fedha.

Fundi hesabu

Hapo sawa mkuu, nimekuelewa. Hiyo ya umri wa shahada sikuwa nimeiona.

Mgeni jukwaani

Mimi naogopa kichwa. Nikisoma kurasa mbili nasinzia. Nitakaa darasa moja na watoto wenye akili za moto, kweli?

Mleta mada

Kusinzia dawa yake usingizi, uulize ratiba yako.

Kuhusu kichwa, wanasaikolojia Raymond Cattell na John Horn walitenganisha akili aina mbili. Moja ni ya kutatua jambo jipya haraka, bila msaada wa ulichokwisha kujua. Hiyo hushuka kuanzia ujana unapoisha. Nyingine ni ya maarifa yaliyojengeka, msamiati, kuelewa jambo linahusianaje na lingine. Hiyo hudumu na kuendelea kukua mpaka umri mkubwa. Masta inadai zaidi hii ya pili. Utachelewa kushika programu mpya ya takwimu, kijana wa jirani atakuonyesha. Wewe utamwonyesha kwa nini swali la utafiti wake haliwezekani kujibiwa na watu halisi.

Kilichobadilika kweli ni vifaa. Maktaba iko mtandaoni, marejeleo yanapangwa na programu kama Zotero ambayo ni ya bure, na kazi yako itapitishwa kwenye mfumo wa kupima ufanano wa maandishi kabla mwalimu hajaigusa. Jifunze hivyo sasa, kabla hujadahiliwa. Takwimu nazo zinatisha watu wazima kuliko kitu chochote, anza mapema, taratibu.

Mzee wa pensheni

Naomba kupingana kidogo. Wengine hawahitaji masta, wanahitaji kubadilisha kazi. Miaka miwili na ada zote hizo, kisha unarudi meza ile ile.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Ukiwa unaomba kwa sababu ya kupandishwa cheo, kaulize kwa maandishi kama cheo hicho kweli kinadai masta. Ukiwa umechoka na kazi, masta itakuchosha zaidi. Nimesoma barua ambazo kila mstari unasema "nitoeni hapa nilipo", na kamati huliona. Wanaofika mwisho ni wale wenye swali linalowasumbua.

Nesi wa zamu

Shikamoo mleta mada. Mimi ni muuguzi, naomba masta ya afya ya jamii. Naweka aya yangu ya kwanza hapa, nichaneni tu:

"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuihudumia jamii. Mimi ni mchapakazi, mwenye nidhamu na ninayependa kujifunza mambo mapya. Baada ya kuhudumu kwa muda mrefu kama muuguzi, naamini shahada ya uzamili itaniwezesha kufikia malengo yangu na kuleta mabadiliko chanya."

Mleta mada

Marahaba dada, na hongera kwa ujasiri wa kuiweka hadharani.

Fanya jaribio. Futa "muuguzi" uandike "mhasibu". Aya bado imesimama, haijayumba hata kidogo. Hiyo ndiyo kasoro yake, haina mtu ndani. Ndoto ya utotoni aiandike mwenye miaka 22, hana kingine cha kusimulia. Wewe una wodi. Na "mchapakazi" usijisemee, mwachie mdhamini.

Nijibu hapa hapa, bila kupamba: ni jambo gani unaliona kazini mara kwa mara na hujaweza kulielewa?

Nesi wa zamu

Vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Tunawafundisha kukagua nyayo kila siku, wanaitikia vizuri, halafu wanarudi kidonda kimekuwa kikubwa. Wenzangu wanasema ni wakaidi. Nikaanza kuandika kwenye daftari nani anarudi. Nikaona wengi ni wazee wanaoishi peke yao. Mtu macho hayaoni vizuri, mgongo hauinami, nyayo zake atazikaguaje? Tunawapa somo ambalo mwili wao hauwezi kulifanya. Sijui kama niko sahihi.

Mwalimu wa jioni

Aisee. Hiyo ndiyo barua yenyewe.

Mleta mada

Mwalimu kanitangulia. Dada, iandike kama ulivyonijibu, mpaka hapo kwenye "sijui kama niko sahihi". Kutojua huko ndiko kunakokupeleka chuo, usikufiche.

Jambo moja la tahadhari. Daftari lako usiliite utafiti. Hukuwa na kibali cha maadili, na kwenye kamati kuna mtu kazi yake ni kuuliza hilo. Sema ni jambo uliloliona ukiwa kazini likakuzalia swali. Usitaje mgonjwa, usitoe idadi, usitaje kituo.

Kisha aya ya pili iunganishe swali na masomo. Fungua ukurasa wa programu, tafuta moduli zitakazokusaidia kulijibu. Epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu, itakufundisha kujua kama hao wanaoishi peke yao kweli wanarudi zaidi ya wengine, au ni wewe uliyewaona zaidi. Mbinu za utafiti wa mahojiano zitakufundisha kuwauliza bila kuwawekea majibu mdomoni. Zitaje kwa majina yaliyoko kwenye ukurasa wao. Ya tatu iwe ya uthibitisho kwamba unaweza kusoma sasa: kozi, mafunzo uliyoendesha, mwongozo wa wodi ulioandika. Ya nne, fupi: utafanya nini na jibu ukilipata.

Na msitumie programu za akili bandia kuandika hii barua. Sizungumzii dhambi, nazungumzia kuchoka kwa msomaji. Zinafuta kile kile nesi alichotuandikia hapo juu, zinarudisha "mabadiliko chanya".

Nesi wa zamu

Nimeiandika upya:

"Katika wodi ninayofanya kazi, wagonjwa wa kisukari hufundishwa kukagua nyayo zao kila siku. Baadhi yao hurudi na vidonda vilivyozidi, na sisi wauguzi huwaita wakaidi. Nilianza kutilia shaka neno hilo nilipoona kwamba wengi wanaorudi ni wazee wanaoishi peke yao, wasioona vizuri wala kuinama. Nashuku kwamba tunawapa somo ambalo haliwezekani kwao, lakini sina ujuzi wa kulipima hilo. Naomba nafasi hii ili niupate."

Niongeze kwamba nina miaka 46 na nitajitahidi pamoja na majukumu ya familia?

Mleta mada

Usiongeze. Mwaka wa digrii yako umeshawaambia umri, na familia hawajakuuliza. Mstari huo upe moduli ya epidemiolojia. "Wengi wanaorudi" ifanye "wengi wa niliowaona wakirudi", ni salama zaidi kwa sababu ile ya daftari. Halafu mtumie yule mdhamini wako nakala kabla hajaandika ya kwake, na hakikisha anajua siku ya mwisho. Wadhamini huchelewa kuliko waombaji.